Suti ya Mutiso na Upande wa Pili

Rose na Akinyi, siku yangu ya mwisho dukani mliniuliza, "Mama Nyambura, unatuachia nini?" Nikawaachia brashi ya kufuta vumbi kwa santuri na ile stuli ya nyuma ya pazia. Brashi mliielewa. Stuli mkaangaliana, halafu Akinyi akaiwekea redio juu. Hapo ndipo niliona heri niandike. Magoti yangu yamekataa kaunta lakini mkono bado unanitii. Kuandika nilijifunzia ngumbaru, yale madarasa ya jioni ya watu wazima, nikiwa tayari na watoto wawili. Mkiona herufi kubwa mahali haifai, mjue mwalimu alikuwa amechoka, na mimi pia.

Mambo ya vyeo sitaandika. Duka letu la Ziwani lilikuwa na vyeo viwili tu, mwenye duka na mimi.

Nilianza miaka ya sabini, nikiwa bado msichana wa kubeba mtoto mgongoni. Nilikuwa nimemwomba Mungu anipe kazi karibu na nyumba, yenye kufunga mapema nipate kuwahi maombi ya jioni. Sikutaja kazi ya aina gani. Siku hizi nikiomba, nataja. Bwana Njoroge mwenye duka aliniambia ni duka la santuri, na mimi kichwani nikaona kwaya, mikono nyuma, nguo nyeupe. Asubuhi ya kwanza akaweka santuri ya mtu anayesifu pombe kama ni shemeji yake amekuja kutembea. Spika ilikuwa juu ya mlango, inatazama barabara, na mtu wa kwanza kupita alikuwa mke wa mchungaji wetu. Tukasalimiana vizuri sana. Tukaulizana watoto. Wimbo hakuna aliyeutaja.

Jioni nikaipeleka hiyo kazi kwa maombi. Jibu halikuja haraka, lakini asubuhi ilikuja, nikarudi dukani.

Nyinyi mmekuta kaseti, hamjui shida ya vumbi. Santuri ukiiacha dirishani jua likiipiga inajikunja kama chapati. Ile ndogo ya nyimbo mbili ilikuwa na shimo kubwa katikati, kwa hivyo lazima uwe na kile kitufe cha kuziba shimo, na kile kitufe kilikuwa kimoja duka zima. Kikipotea, muziki umeisha mpaka kipatikane. Mimi nilikitoboa tundu nikakifunga uzi shingoni. Kuna mama mmoja wa Kanisa Katoliki aliniuliza kama hiyo ni medali ya mtakatifu gani. Sindano ikichoka unabandika senti kumi juu ya mkono wa gramafoni ili iache kurukaruka. Ikichoka zaidi unabandika mbili. Zikifika tatu, Bwana Njoroge alikuwa anakubali kwamba tunahitaji sindano mpya.

Huyo Bwana Njoroge ndiye alinifundisha kazi. Alikuwa mtu wa kwetu Murang'a, mrefu, maneno machache, koti moja la kijivu kiangazi na masika. Siku za kwanza nilikuwa naandamana na mdomo wa mteja. Mteja akisema wimbo ni mzuri, naenda kumfungia. Kumbe anaaga.

"Mdomo uko na adabu," Bwana Njoroge akaniambia. "Wewe angalia mguu."

Nikaanza kuangalia miguu. Ni kweli. Mtu atakwambia wimbo ni wa kipuzi, wimbo wa wahuni, na kisigino chini kinapiga hesabu peke yake. Mwingine atasifu gitaa, atasifu sauti, atauliza mwimbaji anatoka wapi, na viatu vimesimama kama vimepigwa misumari. Huyo hanunui. Nilizoea sana mpaka hata kanisani nikajikuta naangalia miguu wakati wa mahubiri. Mchungaji wetu sitamsema.

Sasa stuli. Wakati ule mwanamuziki alikuwa na njia chache za kujua watu wanasema nini juu ya wimbo wake. Redio ilikuwa inacheza, lakini redio haina masikio. Marafiki zake watamsifu kwa sababu wanataka awanunulie soda. Kwa hivyo kabla kiwanda hakijatoa santuri nyingi, alikuwa anapewa chache za kujaribia, anatuletea moja. Tunaicheza saa ya chakula cha mchana, watu wa gereji na wa karakana wakiwa wamejaa nje na chai yao na mandazi. Na yeye mwenyewe anakaa hapo stoo, nyuma ya pazia, juu ya hiyo stuli, anasikia kila kitu. Tulikuwa tunaita kukaa pazia. Waimbaji wote wa mitaa yetu, kutoka Ziwani mpaka Umoja, walikuwa wamewahi kukaa pazia kwa Njoroge, hata wale ambao siku hizi wanasalimia watu na vidole viwili.

Sheria ilikuwa moja. Hutoki. Wakikuita mbuzi, hutoki. Kuna mmoja alitoka. Mteja alikuwa amesema wimbo ni mrefu sana, na yeye akafungua pazia kumweleza kwa nini si mrefu. Maelezo yakawa marefu kuliko wimbo. Mteja alienda bila santuri na chai yake ikiwa imepoa.

Watu wa Ziwani walikuwa hawana huruma. "Huyu anaimba kama ameshikwa na jino." "Gitaa iko sawa, lakini ni nani amemuumiza huyo wa ngoma?" Hata kwaya yetu ya kanisa ilikaa pazia, yaani walituma mwalimu wa kwaya, kwa sababu stuli ni moja. Fundi mmoja wa gereji alisikiliza, akavua kofia, akasikiliza tena, akasema, "Wimbo wa Mungu siwezi sema kitu mbaya." Akavaa kofia akaenda. Mwalimu wa kwaya alitoka stoo akiwa ameelewa. Wiki iliyofuata akapunguza sauti ya kwanza, na dada wawili wakaacha kunisalimia.

Hivyo ndivyo kazi ilikuwa. Lakini ile niliyotaka kuwaandikia hasa ni ya Mutiso.

Mutiso alikuwa dereva wa gari la mkate, mtu wa Ukambani, mpole, anacheka kabla hujamaliza kusema. Gitaa alikuwa anabeba kwa gari pamoja na mkate, kwa hivyo lilinukia vizuri. Alikuwa ameoa mwaka ule, na suti ya harusi alishonewa na Mama Mwende.

Mama Mwende mnamjua, lakini mnamjua akiwa na miwani. Wakati ule alikuwa na cherehani moja ya miguu kwenye veranda, hatua chache kutoka duka letu, na futi ya kupimia shingoni kutoka asubuhi mpaka jioni. Mume wake alikuwa amefariki. Alikuwa na Mwende na cherehani, basi. Ile suti ya Mutiso ilikuwa kitu cha kutazamwa. Watu walisema siku ya harusi bibi arusi aliangaliwa wa pili.

Mutiso akataka kumshukuru. Mtu mwingine angepeleka kuku. Mutiso akatunga wimbo. Mnajua sisi huku tukikupenda tunakutaja kwa wimbo, jina lako na mtaa wako, watu wote wajue. Akamwambia Mama Mwende mapema, "Mama, nimekuimba." Mama Mwende akafurahi, akatangazia kikundi chote cha akina mama kanisani. Mimi nilikuwepo. Tukampigia makofi.

Wimbo wenyewe ulikuwa wa pande mbili, kama nyimbo nyingi za wakati ule. Upande wa kwanza unafunga hadithi, unaisha katikati, unageuza santuri, upande wa pili unafungua. Upande wa kwanza Mutiso anasema amepeleka kitambaa cha harusi kwa Mama Mwende, fundi wa Ziwani. Kila akituma mtu kuchukua suti, jibu linakuja lile lile, njoo Ijumaa. Ijumaa inafika, njoo Ijumaa. Siku ya harusi inafika, na Mutiso anasimama mbele ya mchungaji na suruali ya shemeji yake, imeishia katikati ya miguu. Hapo kibwagizo, "Mama Mwende, nipe kitambaa changu." Hicho kibwagizo, hata mimi ambaye najaribu kuweka kichwa changu kwa tenzi za kanisa, nilipika sukuma nikikiimba mwezi mzima.

Upande wa pili ndio inajulikana kwamba suti iliisha zamani, Ijumaa ya kwanza kabisa. Yule binamu Mutiso alikuwa anatuma ndiye aliichukua, akawa anaenda nayo dansi kila wikendi, na kurudi na hiyo habari ya njoo Ijumaa. Mutiso anaomba msamaha, gitaa linakimbia, na Mama Mwende anasifiwa mpaka mwisho. Mshono wake, vifungo vyake, mkono wake usiotetemeka. Binamu na suruali fupi alivitunga tu, ili wimbo upate safari. Sifa ndizo zilikuwa za kweli.

Alikaa pazia saa ya chakula kama kawaida. Upande wa kwanza watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Visigino vyote chini. Fundi wa gereji akasema, "Huyo mama afungwe!" Nyuma ya pazia nikasikia Mutiso anajikaba na kitambaa asicheke, kwa sababu yeye anajua binamu anakuja. Upande wa kwanza ukaisha, na saa ya chakula ikaisha pamoja nao. Watu wakafuta midomo wakarudi kazini. Upande wa pili niliucheza kwa paka wa duka la nyama.

Mutiso akatoka stoo anang'aa. "Mama Nyambura, wameupenda!"

"Wamependa," nikamwambia.

"Nisibadilishe kitu?"

Bwana Njoroge akasema miguu ilikuwa mizuri. Ilikuwa kweli. Santuri ikaenda kiwandani.

Mwezi wa kumi na mbili wimbo ulikuwa kila mahali. Lakini kila mahali ulikuwa upande mmoja. Kwa baa, ile mashine ya santuri walikuwa wanabonyeza upande wa kucheka. Redio ilikuwa inaweka upande wa kwanza, ukiisha inasoma habari. Sisi pia, mteja akiomba kusikia kabla ya kununua, anaomba ule wa kitambaa. Watoto wa Ziwani walikuwa wanaruka kamba nao. Na katika mtaa mzima kulikuwa na Mama Mwende mmoja tu fundi wa nguo.

Wa kwanza kuja kuondoa kitambaa chake alikuwa jirani yake mwenyewe. "Si kwa ubaya, Mama Mwende, ni vile shule zinafungua karibu." Wa pili akatuma mtoto. Mnajua ule ndio msimu wa yunifomu. Fundi wa nguo anakula mwaka mzima kwa sababu ya huo mwezi mmoja. Ndani ya wiki meza yake, ambayo huwa imejaa mpaka unamwona nywele tu, ikabaki na mikasi na chaki. Vitambaa vilienda kwa mafundi wa mjini. Akina mama waliotoa ni wale wale tuliopiga nao makofi.

Kitambaa cha Nyambura wangu kilikuwa hapo, sketi mbili za bluu. Nilikiacha. Katibu wa kikundi chetu akanishika kando baada ya maombi.

"Mama Nyambura, mtoto atavaa nini shule ikifungua?"

"Atavaa sketi."

"Na wimbo unasema nini?"

"Ule wimbo mimi ndiye nauuza," nikamwambia, "na mimi ndiye nimeacha kitambaa."

Akaniangalia kama mtu ambaye ataniombea. Nikamshukuru mapema.

Niliwaeleza akina mama habari ya binamu. Nilimweleza kila mtu kwa kaunta. Wakawa wananiambia, "Eh, lakini moshi hauko bure," na wanaimba wakitoka. Mtu akishajifunza kibwagizo, maelezo hayaingii.

Siku moja, Krismasi ikiwa bado wiki moja, Mutiso alipitia na gari la mkate kusikia santuri inaendeleaje. Akaingia stoo, akakaa stuli. Hakuwa anajua. Alikuwa anazunguka Embakasi na mkate siku nzima, na huko watu wanacheka tu, hawana fundi wa kumnyang'anya kitambaa. Nilikuwa nataka kumwambia. Kabla sijafungua mdomo, Mama Mwende akaingia.

Futi ilikuwa shingoni. Mkono mmoja alikuwa ameshika kifurushi.

"Mama Nyambura, habari ya saa hizi."

"Nzuri, Mama Mwende. Karibu."

"Sikuja kugombana."

"Hata ukitaka, kuna nafasi."

Hakucheka. Akaweka kifurushi juu ya kaunta. Zilikuwa sketi za Nyambura, zimekunjwa, ziko tayari.

"Hizo nimemaliza. Nilitaka nikuletee kabla sijafunga cherehani. Ndugu yangu anakuja na pikapu Jumamosi, tunarudi Machakos." Akakisukuma kifurushi kwangu. "Lakini nisiende kabla sijausikia. Watu wananiimbia huu wimbo kila siku na mimi sina gramafoni. Mwisho wake sijawahi kuusikia. Nichezee."

Bwana Njoroge alikuwa kwa mlango. Akapunguza sauti ya spika ya nje, akasimama na mikono nyuma. Nikaweka upande wa kwanza. Mama Mwende alisikiliza akiwa wima, kama anasomewa hukumu. Kwa ile suruali ya shemeji, kona moja ya mdomo ilisogea, akairudisha. Kibwagizo kikaisha. Nikageuza.

Upande wa pili alisikiliza macho yakiwa kwa sahani inayozunguka. Wimbo ulipofika pale unapotajwa mkono usiotetemeka, aliuangalia mkono wake, juu na chini, kama ni wa mtu mwingine. Sindano ikafika katikati, ikaanza kukwaruza. Nikaiinua.

"Ni wimbo mzuri," akasema.

"Ni mzuri."

"Huyu kijana ananipenda."

"Anakupenda sana, Mama Mwende."

"Sasa nani anaujua?"

Nyuma ya pazia stuli ikalia, halafu kitu kama mtu anayevuta pumzi na pua imeziba. Mama Mwende akageuza kichwa polepole.

"Hiyo stoo yenu iko na panya?"

Nikaangalia Bwana Njoroge. Bwana Njoroge akaangalia barabara. Sheria ni sheria.

"Iko na panya," nikasema.

"Ni mkubwa?"

"Wa wastani."

Mama Mwende akasogea mpaka karibu na pazia. Hakuligusa. Akaongea nalo kama mtu anaongea na mteja aliyekuja kupimwa.

"Basi mwambie huyo panya hivi. Mimi nilimpima kiuno mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amevuta tumbo ndani akiogopa mke atamwona mnene. Nilifumua kola nikaishona tena bila kumwambia. Kitambaa kilichobaki nikamfungia amrudishie mama yake. Hakuna hata uzi wake uko kwangu. Kila mtoto wa Ziwani ananiambia nimpe kitambaa, na mimi sina kitambaa, niko na meza tupu. Mwambie asante kwa wimbo. Lakini sifa ameziweka mbali sana. Mimi nimemaliza kufa huku mbele ndio yeye anafika kunizika vizuri."

Akachukua mkoba. "Sketi umelipia, Mama Nyambura. Mwambie Nyambura asizipige pasi kwa upande wa nje." Akatoka.

Mutiso alikaa huko stoo muda mrefu. Alipotoka, kitambaa cha mfukoni kilikuwa kimelowa. Akaanza moja kwa moja, angeenda kiwandani. Bwana Njoroge akamwambia kiwandani zimeshatoka, ziko kwa maduka mpaka Kisumu. Angeenda redioni. Redioni watamsikiliza baada ya sikukuu. Angetunga wimbo mwingine wa kujibu huu. Huo utatoka mwezi wa tatu, na Mama Mwende anaondoka Jumamosi.

"Sasa nifanye nini? Niende kwa kila nyumba niseme binamu sina?"

Bwana Njoroge alikuwa mtu wa maneno machache, nilishasema. Akamuuliza, "Ile suti bado inakutosha?"

Kesho yake saa ya chakula, watu wa gereji walipotoka na chai yao, walimkuta Mutiso kwenye veranda ya Mama Mwende amekaa kwa kiti cha wateja. Amevaa suti ya harusi, koti, tai, kila kitu, kwa lile jua la Desemba. Gitaa mkononi. Mama Mwende alikuwa mbele ya cherehani yake na mgongo amemgeuzia, anafungasha nyuzi kwa kopo.

Watu wakaanza kuitisha. "Mutiso! Tupigie ya kitambaa!"

"Ya kitambaa mnaijua," Mutiso akasema. "Leo ni upande wa pili tu."

Akaanza pale binamu anakamatwa dansi na suti. Kwanza wakanung'unika. Halafu wakaanza kusikiliza, kwa sababu hiyo habari ilikuwa mpya kwao kama imetoka gazetini. "Kumbe ni binamu!" Fundi wa gereji, yule wa afungwe, akaweka chai chini. Mutiso alipofika kwa mshono alisimama, akageuka huku anapiga gitaa, mgongo kwa watu, waone mshono wa bega. Akageuka tena wakaona mifuko. Jasho lilikuwa linamtoka kama anapakua mkate.

Mimi nilikuwa nimefunga duka. Ruhusa sikuomba, mwenye duka alikuwa amesimama kando yangu. Nikaona akina mama wa kikundi wametoka na leso mabegani. Na hawa sikuangalia miguu, kwa sababu mikono ndiyo ilikuwa inafanya kazi. Katibu wetu alimwendea Mutiso katikati ya wimbo, akashika pindo la koti, akaligeuza. Mwingine akashika mkono wa pili. Wakamvua koti upande mmoja huku bado anaimba, wakaangalia bitana, wakavuta uzi kama uko legelege. Haukuvutika. Mmoja akainama kabisa akaangalia pindo la suruali. Mutiso akaendelea kuimba kama mtu anayekaguliwa mpakani. Hakuacha hata neno.

Alipomaliza, katibu akamrudishia koti begani, akalinyoosha vizuri.

"Mshono ni mzuri," akasema. "Sauti ni hivyo hivyo."

Mutiso akasema, "Asante, mama." Mtu aliyejua kukaa pazia.

Alikuja tena kesho yake, na kesho kutwa, kila saa ya chakula, na suti ile ile. Mkate wa Embakasi ulikuwa unachelewa na watu wa Embakasi walilalamika. Siku ya pili jirani wa kwanza kutoa kitambaa alikirudisha, akasema fundi wa mjini amejaa. Mama Mwende akakipokea, akapima, hakuuliza swali. Jumamosi pikapu ya ndugu yake ilifika. Akamkuta dada yake hata kichwa hakionekani, meza imejaa bluu na kijani. Ndugu akasubiri mpaka jioni, akapewa chai, akarudi Machakos na magunia matupu. Wiki ya kwanza ya Januari Nyambura alienda shule na watoto wengi ambao sketi zao zilikuwa na pindo kama lake.

Kibwagizo hakikuisha. Vitu kama hivyo haviishi. Lakini watu wakaanza kukiimba wakija kuchukua nguo zao, wanasimama hapo veranda, "Mama Mwende, nipe kitambaa changu," na yeye bila kuinua kichwa anajibu, "Njoo Ijumaa," huku mkono unakuletea nguo yako. Mutiso naye, kila wimbo aliotunga baadaye, jina la mtu na sifa zake aliziweka kwa ubeti wa kwanza. Wateja walisema nyimbo zake zimekuwa baridi kidogo. Alisikia, alikuwa hapo nyuma ya pazia. Hakubadilisha.

Kwa hivyo Akinyi, hiyo redio itafutie mahali pengine. Waimbaji siku hizi wanaleta kaseti na wanataka kusimama hapo kaunta wamwangalie mteja machoni, na mteja anaona haya, anasema ni nzuri. Wapeni stuli. Na mtu akikaa, mcheze pande zote mbili, hata kama nje amebaki paka.

Nguo ile ya zambarau mliyonisifia siku ya kuniaga, Mama Mwende ndiye alinishonea. Nilimpelekea kitambaa Jumatatu, akanipima, akaandika kwa chaki, akasema, "Njoo Ijumaa." Alhamisi nilikuwa natoka maombi nikapitia pale. Nguo ilikuwa inaning'inia mlangoni, imepigwa pasi, kwa upande wa ndani.

Mama Mwende akainua miwani.

"Leo ni Ijumaa?"

"Ni Alhamisi," nikasema. "Nimepita tu kukusalimia."

"Umekuja kuangalia."

"Nimepita tu, Mama Mwende."

"Umekuja kuangalia," akasema, akaniletea nguo.